Mita Tano za Edward

Jumatano, tarehe 25 Septemba 2024. Asubuhi hiyo mvua ya kwanza ilinyesha kwenye machimbo ya Isebanda, nyepesi, ya kulaza vumbi tu. Ilipofika saa tatu jua lilikuwa limeshaifuta. Mabati ya nyumba yalianza kualika kwa joto.

Katika chumba cha nyuma cha nyumba aliyopanga Ghati, watu wanne walikuwa wameinamia sakafu. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Mageni alishika kipande cha mkaa.

"Huku sisi," alisema, akachora duara. "Huku Maige." Akachora jingine.

Mageni alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini na bega moja lililolala. Zamani alikuwa msimamizi wa duara la nyuma ya nyumba hii, shimo lililochimbwa wima kama kisima. Sehemu yake ilianguka miaka miwili iliyopita, wachimbaji wakakimbia sauti za chini, mwenye duara akahama, mdomo ukafunikwa kwa magogo. Nyumba ikabaki. Wapangaji watatu waliingia na kutoka mbio. Walisema chini kuna kitu kinagonga. Ghati alipoitaka, mwenye nyumba alimpa kwa bei ya kutupa.

"Maige ana viroba vya mawe ya dhahabu," Mageni aliendelea. "Vimepangwa chini, mwisho wa duara lake. Havipandi mpaka Jumatatu ya mgao."

"Kwa nini visipande mapema?" aliuliza Cornel. Yeye alikuwa mgeni, mwembamba, mtu wa Mhunze, aliyekuwa akilisha mawe kwenye karasha, mashine ya kuyavunja.

Ghati alicheka. Alikuwa mwanamke wa Tarime, muuza maandazi, mwenye mikono ya kuzungusha winchi bila kupumzika. "Hujui mgao wewe? Mwenye duara, mwenye shamba, mfadhili, wachimbaji. Mpaka wote wasimame mdomoni na macho yao, ndipo kiroba cha kwanza kinapanda. Hawaaminiani hata kidogo, Mungu awabariki."

"Jumapili chini hakuna mtu," alisema Mageni. "Juu yupo mlinzi mmoja, Nasibu, na gobore lake, na mlango wa chuma umefungwa. Sisi hatupiti juu. Tunapita chini, kutoka kwetu hadi kwake. Tunabeba, tunatoka kwetu, Ghati anapakia. Jumatatu watakuta sakafu."

"Tatizo ni mwamba," alisema Abel. Huyu alikuwa mchimbaji, Msukuma mwenye vidole vinene na mdomo usiolala. "Mwamba unatukimbia, ng'wanawane. Tumechimba mita nne, hakuna Maige wala kivuli chake."

Mageni hakupenda neno hilo. Alieleza mwenyewe. Kutoka mdomo wa duara lao hadi mdomo wa duara la Maige, juu ya ardhi tambarare, ni mita arobaini na nne. Duara la Maige halikuchimbwa wima. Linashuka mteremko, likielekea kwao. Kamba yake kutoka mdomoni hadi chini ni mita hamsini. Abel aliivuta mwenyewe alipokuwa kibarua pale.

"Hamsini ni zaidi ya arobaini na nne," alisema Mageni. "Maana yake Maige ameshatupita, yuko magharibi kwetu. Kwa hiyo tumechimba magharibi."

Hivyo ndivyo wachimbaji wote wa Isebanda wanavyopima. Kamba ndiyo njia, na njia ndiyo umbali. Anayetembea kwenye mteremko huhesabu kamba yake, hajiulizi amesogea kiasi gani akitazamwa kutoka juu.

"Duara letu lina kina gani?" aliuliza Cornel.

"Thelathini. Tumeshusha jiwe."

"Na nyundo za Maige mnazisikia juu yenu au chini yenu?"

"Usawa wa masikio," alisema Abel. "Kama jirani anatwanga."

Cornel alichukua mkaa. Alipiga mstari wa kulala, ndio ardhi. Kutoka mdomo wa Maige akapiga mstari wa mteremko, hamsini, na mwingine wa kwenda chini wima, akauandika thelathini. Kisha akapiga mstari wa kulala huku chini hadi ukutane na mteremko. Pembetatu. Pembe moja ilikuwa mraba, kama kona ya dirisha.

Akaanza kukokotoa, na akakosea. Alizidisha hamsini kwa hamsini, akazidisha thelathini kwa thelathini, akajumlisha. Akapata upande mrefu kuliko kamba yenyewe. Kichwani alimsikia Mwalimu Melania wa darasa la jioni la watu wazima pale Masumbwe, akigonga ubao kwa chaki: kabla ya kukokotoa jiulize, upande mrefu kuliko wote ni upi? Unautafuta, au unao tayari?

Anao tayari. Kamba ndiyo upande mrefu.

"Hapa hatujumlishi," alisema taratibu. "Tunatoa. Hamsini mara hamsini, elfu mbili mia tano. Tunatoa mia tisa ya kina. Inabaki elfu moja mia sita. Namba gani ikijizidisha yenyewe inaleta elfu moja mia sita?"

"Usituulize sisi," alisema Ghati. "Tungejua tungekuwa tunaiba benki."

"Arobaini. Maige amesogea mita arobaini tu chini ya ardhi. Hajatupita. Yuko mashariki yetu, mita nne kutoka kwenye sakafu yetu. Nyinyi mmempa mgongo."

Abel alipiga makofi. "Kumbe mwamba haukukimbia! Tuliukimbia sisi!"

Mageni hakucheka. Alikuwa akitazama upande wa mashariki wa mchoro kama mtu anayetazama mlango usiofungwa vizuri.

"Kuna njia nyingine humo chini?" Cornel aliuliza, bila kunyanyua uso. "Lazima nizijue. Tusije tukatoboa pabaya."

"Iko ya kaskazini. Fupi, mita tatu. Imefukiwa."

"Iliangukaje?"

"Iliangukaje, iliangukaje! Ilianguka. Mtu mmoja alikuwa mwishoni mwake. Jiwe lilimshukia kichwani. Papo hapo."

"Ndiye anayegonga," alisema Abel.

"Funga mdomo."

Cornel alirudisha mkaa sakafuni. Mkono wake ulikuwa umetulia. Alikuwa ameuombea utulie tangu alfajiri.

Mtu huyo mmoja alikuwa Edward, kaka yake. Baba mmoja, mama mmoja. Mle chumbani Mageni hakulijua hilo, wala Abel. Kule Mhunze, habari za kifo zilipofika bila mwili, wazee wa ukoo walisema wakate mgomba, wauvike sanda, wauzike mahali pa marehemu. Noela, mke wa Edward, alisimama mlangoni akakataa. "Sikuolewa na mgomba," alisema. "Mimi sizai na mgomba, wala sitazika mgomba." Tangu siku hiyo hakuwa mjane wala mke. Alipika chakula cha jioni akabakiza sahani. Cornel aliivumilia sahani ile kwa muda mrefu, kisha akafunga safari. Hakutaka viroba. Alitaka kumrudisha Edward nyumbani, azikwe.

Na njia pekee ya kumfikia ilikuwa kushuka na wezi.

*

Kazi ilianza siku iliyofuata. Ghati alikaa kwenye winchi ya mbao uani, ndani ya uzio wa mabati, akiwashusha mmoja mmoja na kuwapelekea hewa kwa feni ya kuzungusha kwa mkono na bomba la plastiki. Abel na Cornel walichimba mashariki kwa zamu, nyundo na tindo, mchana tu, wakati Isebanda yote inagonga na hakuna anayeweza kutofautisha nyundo na nyundo. Mageni alisimika nguzo za miti nyuma yao. Alizisimika vizuri. Kila alipopita mbele ya kifusi cha kaskazini aligeuza uso.

Kabla ya kushuka, Abel aligonga gogo la mdomoni mara tatu, akasubiri.

"Unamsalimia nani?" Cornel alimuuliza.

"Desturi. Chini hakuna hodi nyingine." Abel aliketi kwenye kitanzi cha kamba. "Na mtu akifukiwa hivyohivyo. Msimamizi anagonga mwamba mara tatu. Akijibiwa, machimbo yote yanasimama, maduara yote, ya tajiri na ya maskini, mpaka mtu yule atolewe. Asipojibiwa anapanda, anaweka kiganja juu ya gogo, anasema mbele ya watu: kimya. Akishasema kimya, basi. Huyo ni wa Mungu."

"Na kugonga kukisikika baadaye?"

"Baada ya kimya?" Abel alitazama chini ya shimo. "Basi aliyegonga si mtu."

Ilipofika Ijumaa ya wiki ya pili, Ghati alimpa Cornel chai na andazi nyuma ya nyumba. Alimtazama akila.

"Unamega andazi kama yeye," alisema.

"Kama nani?"

"Usinichezee. Edward alikuwa mteja wangu. Anamega katikati, nusu anaweka mfukoni." Alitazama mkono wa Cornel uliokuwa tayari mfukoni. "Unadhani kwa nini nilimwambia Mageni akuchukue wewe? Hesabu? Hata huyo Mwalimu Melania unayemtaja angetupigia hesabu, tukimpa sababu nzuri."

Cornel alitoa mkono mfukoni.

"Nalala juu ya shimo lile," alisema Ghati. "Nataka anyamaze. Mtoe. Lakini Mageni asijue wewe ni nani. Yule mtu ana kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Lakini usiku alipolala hapa kwangu, nimewahi kumsikia akigonga usingizini. Kiganja ukutani. Mara tatu. Kisha anasema kimya, analia."

*

Jumapili, tarehe 13 Oktoba. Saa mbili asubuhi. Wingu zito, bila upepo. Kengele ya kanisa la kigango ililia na watu wa Isebanda wakapita njiani na viatu safi.

Saa tatu. Wote watatu walikuwa chini. Cornel alivuta futi ya chuma kutoka pembe ya sakafu, pale njia yao ilipoachana na kifusi cha kaskazini. Mita nne kasoro kiganja. Nyuma ya kiganja hicho, kama hesabu ilikuwa kweli, kulikuwa na viroba vya Maige.

"Nenda kaandae kamba," Mageni alimwambia Abel.

"Subiri," alisema Abel. "Sikilizeni."

Walisikiliza. Ndani ya mwamba, mara tatu, polepole. Ko. Ko. Ko.

"Nyundo za Maige," alisema Mageni.

"Leo Jumapili, bosi. Kwa Maige hakuna mtu."

Mageni alirudi nyuma hadi chini ya mdomo wa shimo, akasema anakwenda kuangalia bomba la hewa. Walimwacha. Abel alijipiga ishara ya msalaba kwa mkono uleule wenye nyundo, akainua tindo. Pigo la kwanza lilirudi. Pigo la pili liliingia ukuta wa kushoto na tindo likazama lote, kama kwenye unga.

Hewa ya zamani ilitoka. Haikunuka. Ilikuwa baridi na kavu.

Walipanua tundu. Taa ya kichwani ya Cornel iliangaza mkono kwanza. Mifupa ya vidole imelishika tindo bado, tindo butu, lililoisha hadi kuwa fupi kama kijiko. Kisha bega. Kisha kiuno, na mkanda wa mpira wa baiskeli ulioshonwa kwa uzi wa buluu. Noela alikuwa ameushona. Cornel ndiye aliyekata mpira.

Alipiga magoti. Hakulia. Alisema jina, mara moja, kwa sauti ya mtu anayeamsha mwingine asubuhi.

Abel aliinama karibu. "Huyu amefikaje hapa?" Edward alikuwa amelala kifudifudi ndani ya tundu lenye upana wa mabega tu. Nyuma ya miguu yake palikuwa pameshindiliwa mawe na udongo. "Mageni alisema jiwe lilimshukia kichwani. Kichwa hiki kizima."

Cornel alichukua tindo akachora ukutani. Mikono yake ilifanya kazi peke yake. Pembe ya sakafu, pale walipoanzia. Njia ya kaskazini kutoka pembeni, mita tatu, na mwisho wake ndipo Edward alipokuwa. Njia yao ya mashariki, mita nne, na mwisho wake ndipo Edward alipo. Kati ya njia mbili, pembe mraba. Upande wa tatu ulikuwa umejaa mawe. Hakuna jicho lililoweza kuuona wala futi iliyoweza kuupima.

"Safari hii tunajumlisha," alisema. "Tisa na kumi na sita. Ishirini na tano. Mita tano."

"Mita tano za nini?"

"Alichimba. Kifusi kilimfungia nyuma, kikamwachia mwisho wa njia. Hakuweza kurudi mlangoni. Akasikia nyundo za Maige, akazifuata moja kwa moja. Kila alichokivunja alikisukuma nyuma ya miguu yake, hakuwa na mahali pengine. Mita tano, Abel. Peke yake."

Abel alitazama njia waliyochimba wao. Wawili, kwa zamu, wakila ugali, wakinywa maji, wakipata hewa ya bomba. Wiki mbili na zaidi, kwa mita nne.

"Alikuwa hai," alisema mwishowe. "Siku nyingi. Mungu wangu, nilikuwepo mdomoni mimi. Mageni aliweka kiganja juu ya gogo. Tukaenda zetu. Kisha watu wa Maige wakasikia kugonga, siku baada ya siku. Tukasema ni mzimu. Waliniagiza mimi kondoo mweusi, Cornel. Mimi nilimvuta kondoo kwa kamba mpaka pale, mganga akamchinja ili yule anayegonga anyamaze. Na kweli akanyamaza. Tukashangilia."

Mwanga wa tatu ulikuwa umesimama nyuma yao. Hawakujua umesimama kwa muda gani.

"Bosi," alisema Cornel bila kugeuka. "Siku ile uligonga?"

"Niligonga."

"Alijibu?"

Maji yalidondoka mahali fulani.

"Wewe ni nani?" aliuliza Mageni.

"Alikuwa kaka yangu. Alijibu?"

"Tulikuwa na siku tatu tangu tuufikie mshipa wa dhahabu," alisema Mageni. Sauti yake ilikuwa ya chini kama kawaida. "Siku tatu tu. Kama ningesema amejibu, maduara yote yangesimama. Mwezi mzima pengine. Kifusi kile kisingeondoka. Niliona angekufa asubuhi yake. Ningejuaje angechimba? Nani anachimba akiwa kaburini?"

"Alijibu?"

"Bado anajibu," alisema Mageni. "Kila siku ananijibu."

Akarudi nyuma hatua moja. Cornel alidhani anataka kulia. Abel ndiye aliyeona nyundo kubwa ikipanda. "Nguzo!" alipiga kelele.

Nguzo ya kwanza iling'oka. Ya pili ikafuata. Paa la njia lilishuka kwa mngurumo mmoja, na vumbi likazima kila kitu.

*

Saa nne na robo. Uani, Ghati alihisi kamba ikivutwa mara mbili. Akazungusha winchi. Mzigo ulikuwa wa mtu mmoja.

"Ghati!" sauti ilitoka shimoni. "Pandisha haraka! Wameangukiwa, wote wawili."

Alizungusha. Mzigo ulipofika katikati ya shimo, akasimamisha.

"Uligonga?"

"Nimegonga. Kimya."

"Sema tena."

"Kimya! Pandisha, mwanamke!"

Ghati alifunga winchi kwa kabari ya mti. Alipiga magoti kwenye bomba la hewa, akaziba sikio moja na kuweka jingine mdomoni mwa plastiki. Mwanzo alisikia pumzi ya ardhi tu. Kisha, mbali, ndogo kama saa ya mkononi. Ko. Ko. Ko.

Alisimama. Aliitazama kabari ikiwa imekaza. Kule katikati ya shimo, Mageni alikuwa akizunguka taratibu kwenye kamba, mita kumi na tano juu yake, mita kumi na tano chini yake.

"Ghati! Unakwenda wapi? Ghati!"

"Kanisani," alisema Ghati.

*

Chini, taa moja ilikuwa bado inawaka. Mguu wa Abel ulikuwa umebanwa na jiwe. Cornel alilisukuma kwa mgongo mpaka likatoka, na Abel akatukana kwa Kisukuma, kisha akaomba msamaha kwa Mungu na kwa Edward. Kwa jiwe hilohilo Cornel aligonga ukuta upande wa bomba lililofukiwa. Mara tatu. Akasubiri. Hakusikia kitu.

Hewa ilikuwa inaanza kuwa nzito. Aligeuka akamtazama kaka yake, na mwamba uliokuwa mbele ya mkono wake.

"Kiganja kimoja," alisema. "Alibakiza kiganja kimoja."

"Tindo langu limefukiwa," alisema Abel. "Na lako."

Cornel aliinama juu ya mifupa. Aliomba kwanza, kwa maneno machache. Alisema, Baba, huyu alikulilia humu na sisi tulichinja kondoo. Tusamehe. Usimwache na mimi usiniache. Kisha akafungua vidole, kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayemwondolea mtoto kijiko usingizini.

"Naazima, kaka."

Tindo lilikuwa butu. Alipiga kwa jiwe. Aliweka ncha pale Edward alipoiacha, kwenye kovu lilelile, na hakuihamisha hata mara moja. Ngozi ya viganja ilitoka. Abel, amelala, alihesabu mapigo kwa sauti mpaka akapoteza hesabu, akaendelea kusema tu "piga, piga, piga."

Mwamba ulipasuka na kwenda upande wa pili. Upepo uliingia.

Waliangaza. Chumba kipana, sakafu iliyofagiliwa, viroba vimepangwa hadi kiunoni, midomo imeshonwa.

Abel alianza kucheka, kicheko cha maumivu. "Hivyo hapo! Tumefika, mshirika. Nami sina mguu wa kubebea."

Cornel alipita katikati ya viroba bila kuvigusa. Mteremko ulipanda gizani mbele yake, na mwisho wake alijua kuna mlango wa chuma na gobore. Nguzo za miti zilifuatana pande zote mbili hadi juu, zimeunganishwa kwa mbao. Aliinua jiwe. Angepiga kelele, ingekuwa sauti ya mwizi. Akagonga nguzo. Mara tatu.

Juu, Nasibu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mtu wa Kigoma, mcha Mungu, mlinzi wa miaka mingi mahali pale. Nguzo iliyokuwa mgongoni mwake ilitikisika. Ko. Ko. Ko.

Aliruka, gobore likaanguka. Sauti ile aliijua. Miaka miwili iliyopita aliisikia siku nzima, na siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka ilipokuwa dhaifu kama mtoto mgonjwa. Alimwambia Maige. Maige alisema Mageni ameshasema kimya. Nasibu aliziba masikio kwa pamba, akaswali mbali na mdomo wa duara.

Ko. Ko. Ko.

Alisoma dua. Miguu ilitaka kukimbia, na njia ya kukimbilia ilikuwa nyeupe. Alibaki amesimama, jasho likimwingia machoni. Kisha aliokota gobore kwa mtutu, akageuza kitako, akagonga nguzo.

Mara tatu.

Chini, Cornel alilisikia jibu. Ndipo alipolia.

*

Hakuna aliyemuuliza Ghati swali pale kanisani. Aliingia na mikono ya matope hadi mbele, akasema, "Chini kuna watu wanagonga." Padri alifunga kitabu. Wachimbaji walitoka na suruali zao za Jumapili, wakakutana njiani na Nasibu anayekuja mbio kusema jambo hilohilo.

Abel walimpandisha kwa machela ya magunia. Cornel alipanda mwenyewe, akanyoosha mikono kwa polisi kabla hajaulizwa, akaeleza yote, toka mkaa wa sakafuni. Mageni alikuwa bado ananing'inia.

"Huyo mwisho," alisema Ghati. Kisha akaingiza mikono yake kwenye pingu.

Mageni alipopandishwa jioni hiyo, hakuna aliyemgusa. Walimpisha njia tu mpaka kwenye gari la polisi, na hakuna aliyesema neno. Wanasema ukimya ule ndio uliomvunja. Aliomba watu wamtukane.

Edward hawakumtoa siku hiyo. Walisubiri mkewe afike.

Jumatatu, anga lilikuwa jeupe. Noela alishuka kutoka basi la Shinyanga na kitenge cheusi alichokikataa kwa miaka miwili. Isebanda yote ilikuwa imesimama. Hakuna karasha, hakuna nyundo. Ilikuwa siku ya mgao, kwa hiyo wote walikuwepo mdomoni mwa duara la Maige kama inavyotakiwa: mwenye duara, mwenye shamba, mfadhili, wachimbaji. Mkuu wa kituo alikuwa amekubali Cornel asimame pale akiwa na pingu.

Kitu cha kwanza kilichopanda hakikuwa kiroba.

Noela aligusa mkanda wa mpira, akafuata uzi wa buluu kwa kidole hadi ulipoishia. Kisha alimgeukia shemeji yake.

"Alibakiza kiasi gani atokeze?"

"Kiganja, shemeji."

"Na alitembea kiasi gani?"

"Mita tano."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu chake. "Basi sitabakiza sahani tena," alisema. Kisha akauliza kwa sauti, "Nani alimsikia?"

Watu walitazama chini. Abel, kwenye machela yake, alianza kuinua mkono. Lakini Nasibu alikuwa ameshatoka kwenye kundi, kofia mkononi.

"Mimi, mama. Nilimsikia mpaka mwisho. Waliniambia si mtu."

Ilidhaniwa Noela angemlaani.

"Jana ulijibu."

"Nilijibu."

"Njoo hapa. Weka mkono juu ya gogo, kama walivyouweka siku ile. Sema, watu wote wasikie."

Nasibu alisogea hadi kwenye gogo la mdomoni. Aliweka kiganja juu yake. Mbele ya wenye maduara na wachimbaji, mbele ya polisi na padri, mbele ya Cornel na pingu zake na Edward juu ya magunia, alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye karasha zilizonyamaza:

"Akigonga yeyote, nitajibu. Hata wakisema kimya. Hata mkiniambia ni mzimu, nitajibu."